Anayeambiwa Yuko Hai: Washairi wa Kiswahili Mbele ya Mauti

Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Fumo Liyongo yumo kifungoni Pate na hukumu iliyokwisha kupitishwa juu yake ni kuuawa. Anapoulizwa haja yake ya mwisho, anaomba ipigwe ngoma ya gungu. Kabla ya hapo ametunga wimbo mfupi na kumpa kijakazi Saada aupeleke kwa mama yake. Walinzi wanausikia na hawaoni neno. Mama anausikia na kuelewa kwamba anaambiwa aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, kwa kuwa mkate duni kama huo mlinzi hatautamani. Vishindo vya ngoma vinafunika sauti ya tupa ikikata chuma, na Liyongo anatoka. Wanahistoria wanabishana hata leo kuhusu karne aliyoishi, na wapo wanaotilia shaka kama matukio hayo yalitokea. Kwa swali letu hilo halina uzito. Lenye uzito ni kwamba watu wa pwani, walipotaka kumsimulia mshairi wao mkuu, walimfanya aokolewe na shairi, tena wakaeleza bayana lilimwokoaje. Uzuri wake haukumtoa gerezani, na hatuambiwi kwamba lilimtuliza roho. Alitoka kwa sababu alikuwapo mtu wa kulibeba na mwingine wa kulielewa.

Namna washairi wanavyoyakabili mauti na kupata tumaini kwa kuandika huelezwa sana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kongwe: Horace wa Roma ya kale, na Shakespeare katika soneti zilizochapwa mwaka 1609, walitamba kwamba mwili utaoza lakini maandishi yatadumu, na jina litadumu nayo. Hili ni tumaini la mnara. Njia ya pili ni ya wanasaikolojia wa siku zetu. James Pennebaker wa Marekani, ambaye majaribio yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1986, aliwataka watu waandike kwa dakika chache kila siku kuhusu mambo yaliyowaumiza, na akadai kwamba kuandika kwenyewe kunaipunguzia nafsi mzigo. Hili ni tumaini la tiba. Njia zote mbili zina ukweli wake, lakini hakuna hata moja inayotosha kueleza walichofanya washairi wa Kiswahili. Aliyeandika ili apone anaweza kuchana karatasi akimaliza, na aliyeandika ili atukuzwe hajali sana msomaji ni nani. Washairi wetu wanajali. Hoja yangu ni kwamba katika ushairi wa Kiswahili tumaini mbele ya mauti hukaa kwa anayeambiwa: mshairi humtafuta mtu aliye hai, akamkabidhi maneno, na shairi likachukua umbo la wasia.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni wa Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, akaolewa na Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu, ambaye kwa miaka mingi aliupinga kwa silaha utawala wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858 mjane huyu, akiwa mgonjwa, alitunga utendi wa beti 102 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, msichana wa takriban miaka 17, na baada ya muda usiozidi miaka miwili hivi naye akafa. Jambo la kwanza analofanya ndani ya utendi huo ni kumwita binti aje na wino na karatasi. Ugonjwa anautaja kwa maneno machache, kama sababu ya kuchelewa kusema, kisha anaingia kazini. Mtu anayejua kwamba siku zake si nyingi ana kila kisingizio cha kujifikiria mwenyewe, na msamiati wa kuombolezea ujana, mume na mji alikuwa nao tele. Lakini vitenzi vya sehemu ya mwanzo, karibu vyote, vinamwelekea mwingine: shika hili, jiepushe na lile, ukikutana na watu wa aina hii fanya hivi. Kifo chake kinawekwa pembeni, na maisha ya Hashima baada yake yanawekwa katikati.

Halafu mduara unapanuka. Sehemu kubwa ya mwisho ni dua, na katika dua hiyo anawaombea wanawe na jamaa zake, anajiombea afya (maana hakuwa amekata tamaa ya kupona), kisha anawageukia wanawake wote na kuwahimiza wausome utendi. Aliyeanza kwa kumsemesha msichana mmoja chumbani anamaliza akiwa na hadhira ambayo hataiona kamwe. Hadhira hiyo aliipata. Ulipoanza kuchapwa na wataalamu wa Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20, utendi ulikuwa umekwisha kuishi zaidi ya nusu karne vinywani mwa wanawake wa Lamu na katika miswada yao. Hapa vina na mizani vinaonyesha kazi yao ambayo vitabu vya shule huisahau vikishughulika na urembo. Kipande cha mizani nane, na kina cha mwisho kinachorudi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mia, humsaidia asiyejua kusoma kuhifadhi maneno na kumsahihisha anayeyakosea: silabi ikipungua, sikio hushtuka. Umbo hilo lilifaa kuvusha maneno kutoka kinywa kitakachonyamaza hadi kinywa kingine. Mwenye kutafuta tiba ya nafsi yake tu hahitaji mizani.

Wapo watakaouliza: tumaini gani hili, ikiwa kinachorithishwa ni utiifu? Swali ni la haki. Mwana Kupona anamfundisha binti kumnyenyekea mume kiasi cha kuifanya radhi ya mume kuwa sharti la kuingia peponi, na wahakiki wengi wa miongo ya karibuni, hasa wanawake, wameuona utendi huo kama mnyororo uliosukwa kwa hariri. Wengine wamejaribu kumtetea kwa kusema kwamba kuna kejeli iliyofichwa chini ya mawaidha. Mimi siioni kejeli hiyo kwa wingi unaodaiwa, wala sioni haja yake. Mjane wa kiongozi aliyeishi vitani alimpa bintiye ujuzi aliokuwa nao wa kuishi salama katika nyumba za wakubwa, na hakuwa na ujuzi mwingine wa kumpa. Jambo la msingi ni kwamba wasia, tofauti na mnara, unaweza kukataliwa. Anayemwachia mtu maneno anamwachia pia uwezo wa kuyabishia. Huko huko Lamu, mwaka 1974, Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu Ustadh Mau, alitunga Wasiya wa Mabanati, akiwausia mabinti wa zama nyingine wanaokabiliwa na hatari nyingine. Darasani, utendi wa Mwana Kupona unabishiwa kila mwaka. Wanaoubishia wanaushika kwa nguvu kuliko wanaousifu.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anayekisiwa kufariki karibu mwaka 1820, inaijaribu hoja hii kwa ukali zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna binti wala mwana. Mshairi anausemesha moyo wake. Anauliza kwa nini haujifunzi, kisha anautembeza katika Pate iliyokuwa ikiporomoka, mji uliochoshwa na magomvi ya ndani na ushindani na majirani, mpaka Lamu ilipowashinda Wapate na washirika wao wa Mombasa huko Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810. Tunaonyeshwa majumba ya fahari yaliyokuwa yakiwaka taa, yenye vyombo vya kigeni kwenye zidaka, na mabwana waliotembea kwa maringo. Halafu tunaonyeshwa majumba hayo hayo yakiwa makazi ya popo, bundi na buibui, na zidaka zile zikiwa viota. Baada ya hapo linakuja kaburi, na baada ya kaburi jahanamu, kila moto kwa jina lake. Msomaji anayetafuta faraja atatoka mikono mitupu, na sikubaliani na wanaojaribu kuitia faraja isiyokuwamo.

Tumaini katika Al-Inkishafi limo katika tendo la kusema. Onyo lina maana pale tu anayeonywa ana muda wa kugeuka. Moyo unaoulizwa maswali, tena kwa hasira, ni moyo ambao bado haujahukumiwa, maana aliyekwisha kupotea haulizwi. Mabwana wa Pate wametajwa wakiwa wamekwenda, na hakuna anayewaonya tena. Moyo peke yake ndio unaoonywa, na tofauti hiyo ya kisarufi kati ya waliopita na anayesemeshwa ndiyo nafasi yote ya tumaini iliyomo. Nafasi yenyewe ni nyembamba, lakini mshairi ameishikilia kwa makumi ya beti bila kuiachia. Vilevile anayesoma kwa sauti anajikuta akiusemesha moyo wake yeye. Moyo wa Sayyid Abdalla ulizikwa karne mbili zilizopita, na kila anayeukariri utenzi huo anaweka wake mahali pale palipoachwa wazi.

Hapo mtu anaweza kudai kwamba haya yote ni ada. Waarabu walikuwa wametunga mashairi ya kuidharau dunia karne nyingi kabla ya Pate kuanguka. Abu al-Atahiya wa Baghdad, aliyeishi karne ya 8 na ya 9, alijulikana kwa utunzi wa namna hiyo. Kuuliza wako wapi wafalme wa jana ni swali lililoulizwa katika lugha nyingi, na aliyelirithi hakulazimika kulihisi. Sikatai kwamba ada ipo. Ila katika Al-Inkishafi, miongoni mwa waliokwenda, yumo Ali bin Nasir, na hilo ni jina la baba yake mshairi. Ada ilimpa swali. Jina la kulijaza alilitoa nyumbani kwake. Ndivyo ilivyo pia kwa tungo za tanzia magazetini. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, mashairi ya maombolezo yaliyomiminika yalifanana sana: buriani zilezile, pole zilezile kwa mjane na taifa, vina vilevile vya kilio. Mhakiki mwenye haraka ataona uvivu. Lakini umbo linalojulikana na wote humwezesha fundi cherehani au mwalimu wa shule ya msingi kusema jambo zito hadharani bila kungoja awe bingwa, na anayepewa pole huitambua pole kwa kuwa ameisikia kabla. Katika msiba ugeni wa maneno hauna faida kubwa. Nakiri kwamba ubora wa tungo hizo unatofautiana mno, na nyingi hazitasomwa mara ya pili.

Pingamizi jingine linahusu dini, nalo husemwa kwa kujiamini kuliko yote. Mwana Kupona na Sayyid Abdalla walikuwa Waislamu wenye yakini ya ufufuo; kwa hiyo, inasemwa, tumaini lao limetoka katika Kurani, na kalamu imelivika mapambo tu. Anayesema hivyo ameeleza kwa nini hawakuogopa kutoweka kabisa. Hajaeleza kwa nini waliandika. Mwenye yakini ya pepo anaweza kufa kimya, na wengi wamekufa hivyo, kwa shahada na utulivu, bila kuacha ubeti. Tena imani ya Sayyid Abdalla, kama tulivyoona, inamtisha kuliko inavyomliwaza. Imani inashughulikia safari ya anayeondoka, lakini kuna haja nyingine isiyotoshelezwa na ahadi ya pepo, nayo ni haja ya kutowaacha wanaobaki bila neno. Mwana Kupona ametimiza zote mbili kwa zamu, nasaha kwa Hashima na dua kwa Mungu, na hakuona kwamba moja inatosha badala ya nyingine.

Shaaban Robert anatuonyesha mpaka wa jambo hili. Alizaliwa Vibambani, Tanga, tarehe 1 Januari 1909, na katika Maisha Yangu anasimulia kifo cha mkewe Amina aliyemwachia watoto. Shairi alilomtungia linamsemesha Amina mwenyewe, kana kwamba anasikia. Ni miongoni mwa mashairi yanayopendwa sana katika Kiswahili, na bado ukilisoma kwa makini utaona linavyohangaika. Anayeambiwa hawezi kujibu, kuuliza wala kukataa. Ndiyo maana shairi linaelekea haraka kwenye dua na kwenye ahadi ya kukutana kwingine, kwa kuwa sikio la hakika lililobaki ni la Mungu. Lingekuwa neno lake la mwisho kuhusu mauti, hoja yangu ingeyumba. Halikuwa la mwisho. Kitabu hicho hicho kina Utenzi wa Hati aliomwandikia bintiye na Utenzi wa Adili aliomwandikia mwanawe, na katika ule wa binti mkono wa Mwana Kupona unaonekana waziwazi. Baba mjane amegeuka kutoka kwa aliyekufa kwenda kwa walio hai, na sauti yake imebadilika: imekuwa kavu zaidi, ya kazi zaidi, pengine ya kuchosha kidogo kwa wasomaji wa leo wasiopenda kuusiwa. Kama kipimo ni hisia, Amina anashinda. Tumaini liko katika tenzi mbili zile za mawaidha, na huo ni ukweli ambao wapenzi wa hisia huupita bila kuutazama. Shaaban alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53, na sehemu kubwa ya kazi zake ilifika kwa wasomaji baada ya hapo, katika vitabu vya Diwani ya Shaaban.

Kuna upande mwingine wa mauti ambao nadharia za mnara na tiba haziugusi kabisa: mauti yenyewe kuwa chanzo cha tumaini. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa kati ya mwaka 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Akiwa kifungoni alitunga kwa siri kwenye karatasi za msalani, na mashairi hayo yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Humo limo shairi la Mamba, kiumbe wa mtoni anayejigamba kwa nguvu zake na kuamini kwamba ataishi daima. Mfungwa anamkumbusha kwamba siku yake itafika. Hakuna kitu kingine ambacho mtu aliyefungiwa peke yake angeweza kumtishia nacho mwenye dola. Jeshi, mahakama na gazeti vyote vilikuwa upande wa pili. Kufa ndiyo sheria pekee iliyowafunga wote wawili sawasawa. Washairi wa zamani walimwonya tajiri kwa sheria hiyo ili atubu, na Abdilatif akaichukua na kuwapa wanyonge kama sababu ya kuvumilia. Tena alilificha shairi ndani ya fumbo, akaacha lifumbuliwe na wenye uwezo. Liyongo alifanya vivyo hivyo mbele ya walinzi wa Pate. Alamin Mazrui, aliyezuiliwa miaka ya mwanzo ya 1980 na kuchapisha Chembe cha Moyo mwaka 1988, alifuata njia iyo hiyo kwa lugha nyepesi zaidi.

Mtu wa kuitikisa hoja hii kweli ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akachapisha Kichomi mwaka 1974, na kelele zilizofuata zilihusu zaidi ukosefu wa vina na mizani. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, walikasirikia umbo na kwa sehemu kubwa wakapitwa na jambo zito zaidi: katika diwani hiyo mbingu iko kimya. Katika shairi la Kisu Mkononi, msemaji ameshika kisu huku akipima kama kuendelea kuishi kuna thamani. Hana binti wa kumwita, hana moyo wa kuuonya wala Mungu wa kumwomba, na mauti hayangojwi mlangoni, yamo mkononi mwake. Riwaya ya Kichwamaji, ya mwaka huo huo, inamfikisha mhusika wake Kazimoto kwenye kujiua. Sidai kwamba kila shairi kuhusu kifo lazima litoe tumaini. Mwalimu anayemlazimisha mwanafunzi kuchomoa ujumbe wa matumaini kutoka katika kila ukurasa wa Kezilahabi anamwonea mshairi na anamdanganya mtoto. Kukata tamaa kumo humo, na ni kwa kweli.

Hata hivyo liko tendo lisilolingana na hitimisho hilo. Kezilahabi aliendelea kuchapisha: baada ya Kichomi ikaja Karibu Ndani mwaka 1988, kisha Dhifa mwaka 2008. Diwani mbili za mwisho zina majina ya kumkaribisha mgeni, na sidhani ni bahati. Anayeamini kabisa kwamba hakuna kinachoweza kupita kati ya mtu na mtu hahangaiki kutafuta wasomaji kwa miaka 34. Upweke ulioandikwa na kusomwa na mwingine hauwi tena upweke mkamilifu. Kijana mwenye kisu chake mwenyewe, akisoma shairi lile, angalau anajua kwamba mwingine alifika hapo na akakaa na kuandika. Tumaini la namna hii ni dogo kuliko la Mwana Kupona. Halina pepo nyuma yake. Pia ni dhaifu zaidi kwa upande wa umbo, kwa sababu shairi huru halikaririki kwa urahisi, na bila kitabu dukani au maktabani hakuna Saada wa kulipeleka. Hapo wanamapokeo walikuwa na hoja nzito kuliko walivyojua wenyewe, lakini waliipoteza kwa kubishania kama shairi lisilo vina ni shairi.

Linabaki neno moja gumu. Ikiwa tumaini liko kwa anayeambiwa, basi tumaini hilo linaweza kuvunjika kwa kosa lake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilikuwa za papo kwa papo, za siasa, mapenzi na mafumbo, na hakuna aliyezichapa enzi za uhai wake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka kwa wazee waliozikumbuka, akaziandika kwa ajili ya mmisionari W. E. Taylor katika miaka ya 1880, naye Sikujua akafariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka haikutoka hadi mwaka 1940, Johannesburg, karne nzima baada ya mshairi kuzikwa. Sikujua angekufa miaka kumi mapema, Muyaka angekuwa jina tu. Kwa kila Muyaka mmoja wapo wengine waliotunga kwa ufundi na hakuna aliyeziandika tungo zao. Mtetezi wa mnara hawezi kulijibu hili, kwa kuwa mnara wake umekuwa vumbi. Mtetezi wa tiba hajali. Kwa anayeuona ushairi kama wasia, upotevu huo ni deni, na wadaiwa ni wale waliokuwa na masikio.

Sehemu ya deni imelipwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inahifadhi miswada iliyokusanywa pwani na mtafiti J. W. T. Allen na wenzake, na chuo cha SOAS jijini London kina karatasi za Taylor na za watafiti wengine, Werner na Hichens. Lakini miswada mingine bado imo majumbani, katika madaftari na karatasi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na tungo nyingine zimo katika kumbukumbu za bibi na babu ambao hawajawahi kuulizwa. Anayesoma haya na kwao kuna daftari la namna hiyo asilitupe kwa kuwa halisomeki kwake. Alipige picha kila ukurasa, aandike jina la mtunzi, mji na ukoo, amwombe mzee anayelijua alisome kwa sauti mbele ya simu inayorekodi, kisha nakala moja aipeleke chuo kikuu kilicho karibu naye. Wanaoweza kuzisoma hati hizo kwa ufasaha wanapungua, na kazi hiyo inataka ifanywe wangali hai.